Kopo la Majivu Meupe

Ukisimama mwaloni Kibirizi, inakotia nanga mitumbwi ya uvuvi, ukatazama kusini, ng'ambo ya ghuba, unaiona rasi ya Bangwe imejilaza majini kama mtu aliyelala kifudifudi. Si mbali. Bajaji inakufikisha kabla hujamaliza maneno na dereva. Lakini kwa Mwanvua binti Saad, Bangwe ilikuwa mbali kuliko Kalemie ya Kongo, maana Kalemie alikwisha kwenda na kurudi, na Bangwe hakuwahi kukanyaga tangu usichana wake. Huko ndiko alikokaa mdogo wake Ashura, mtoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Jioni akishakusanya vitu vyake vya kazi, Mwanvua hugeuza ndoo, akaikalia, akaitazama ile rasi mpaka miti yake isionekane tena. Binti yake, Lulu, alidhani mama anatazama mitumbwi ya dagaa inavyotoka. Mwanvua alimwachia adhani hivyo hivyo. Mtu mzima utamwelezaje mwanao kwamba unamlilia mdogo wako kama mtoto anayemlilia mama yake?

Kigoma ni mji mdogo, na hawa ndugu walikuwa wakionana. Wameonana sokoni Mwanga, wameonana misibani, wameonana siku moja kwenye foleni ya kituo cha kura, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kuonana huko ni kwa kutazamana viatu. Mwanvua akirudi nyumbani siku kama hizo hali chakula. Anakaa anakumbuka kicheko cha Ashura alipokuwa mdogo, kile kicheko cha kupasuka, kilichokuwa kikimfanya baba yao aweke chini koleo na kusema, "Haya, mchawi wangu ameanza."

Baba yao, mzee Saad, alikuwa fundi wa karabai pale Ujiji. Vijana wa leo karabai wanaisikia tu, maana sasa mitumbwi yote inatoka na taa za sola. Zamani hizo dagaa walivutwa na karabai: unajaza mafuta ya taa, unapiga pampu, moto unavuma, na mwanga unatoka kwenye utambi, yaani kile kifuko cha nyuzi laini kinachofungwa juu ya mdomo wa moto. Utambi mpya ukiuwasha mara ya kwanza, nyuzi zinaungua, linabaki umbo lake tu, jeupe, la majivu, na hayo majivu ndiyo yanayong'aa. Ukiyagusa yanaporomoka. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, na siku hizo ndizo zilizokuwa za mavuno kwa fundi, kwa kuwa taa zote za mwalo zililetwa kwake, tambi zimepasuka kwa mawimbi, vioo vimefubaa kwa moshi.

Mafundi wengine walikung'uta majivu yale chini, wakafagia. Mzee Saad hakuyatupa. Aliyapuliza kwa mdomo yakaangukia kwenye kopo la maziwa ya unga. Yeye aligundua, hakuna aliyemfundisha, kwamba ukichukua majivu yale makavu kwa ncha ya kitambaa ukasugua nayo kioo, ukapuliza, ukasugua tena, kioo kinarudi kuwa kama maji. Mvuvi akiiona taa yake haamini kuwa ni ile ile. Watu walitoka hata Kalya, mbali kusini mwa ziwa, kumletea vioo. Walipomwuliza anatumia dawa gani, alijibu, "Pumzi yangu." Nao wakaamini, wakataka taa zao zipulizwe na yeye mwenyewe, si na mtu mwingine, wakisema taa yenye pumzi ya Saad dagaa huisikia.

Mtoto wa kiume hakupata. Alipata Mwanvua kwa mke wa kwanza, aliyefariki mapema, na Ashura kwa mke wa pili, Bi Yunisi, Muha wa Kidahwe. Basi aliwafundisha hao hao mabinti. Walikaa barazani, huyu huku na yule kule, baba katikati, wakipuliza na kusugua, pua zao nyeupe kama za watoto waliodokoa unga. Bi Yunisi akipita na sinia la mihogo huwacheka kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye, wazee wenye mvi!" Mwanvua hakuwa na mama mwingine anayemkumbuka. Ni Bi Yunisi aliyemsuka, aliyemfunga kanga ya kwanza ya utu uzima, aliyemficha alipovunja kioo cha mteja.

Kisha mzee Saad akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisichotoa kitu. Akikwea ngazi mbili anashika ukuta. Hospitali walimtafutia kifua kikuu, hawakukiona, wakampa dawa zake hata hivyo, na hazikufaa kitu. Akanyauka. Alipoona siku zimekwisha aliwaita mabinti, akayagawa yale majivu katika makopo mawili, akampa kila mmoja lake. Akasema, "Hili ndilo shamba langu na hii ndiyo nyumba yangu. Msigombane."

Alizikwa, na maneno yakaanza. Mtu anakauka hivi hivi, hospitali hawaoni ugonjwa? Amelishwa. Amelishwa na nani? Nani anampikia? Nuhu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeyasema kwa sauti, na akina shangazi wakaitikia. Yule mwanamke hakuwa mtu wao, wakasema, amekuja na vitu vyake kutoka Kidahwe. Hata eda Bi Yunisi hakuachiwa amalize. Alitolewa na godoro lake mchana kweupe, majirani wakitazama, na Ashura nyuma yake amebeba kopo na jiko la mkaa. Mwanvua walimshika mikono ndani, shangazi mmoja huku, mwingine huku, wakimwambia, "Wewe ni wetu." Alisikia Ashura akimwita kwa jina. Hakupata kumwitikia.

Mama na mwana wakaenda kukaa Bangwe. Bi Yunisi aliishi miaka mingi huko, akafa na jina lile lile la mlisha watu. Mwanvua akaolewa Kibirizi, akabeba ufundi wa baba yake, akajulikana kuliko baba. Mwanamke anayewasha karabai, na wavuvi wakamkubali! Jambo hilo lilimfanya atembee kichwa juu mpaka leo.

Taa za sola zilipoingia, watu walidhani Mwanvua amekwisha. Wapi. Aliweka meza yake pale pale njia ya kushukia mwaloni, akaanza kusugua vioo vya simu. Simu ya mvuvi inachubuliwa na mchanga na mapezi ya samaki mpaka picha hazionekani. Mwanvua alichukua majivu kidogo, akasugua, akapuliza, akarudisha simu inameta. Vijana wakamwita Mama Kioo.

"Mama Kioo, nifanyie hii, ila taratibu, humo ndani kuna mchumba."

"Mchumba huyo kama anakupenda angekununulia simu nzima. Lete."

Kwa hiyo kopo halikuisha, maana karabai za vijijini na za misibani bado zilimfikia, na kila utambi uliokufa aliupulizia humo.

Kikohozi kilipomjia hakushtuka. Alijua ni moshi wa jiko. Kisha ikawa kupanda kutoka mwaloni mpaka nyumbani kwake lazima apumzike njiani, akijifanya anafunga kanga vizuri. Alipewa dawa za kifua kikuu kama baba yake, na kama baba yake hazikusaidia. Lulu alipomwona mama yake anashika ukuta kwa ngazi mbili, alimpakia kwenye bajaji kwa nguvu.

Daktari alikuwa kijana, Eliakimu kwa jina, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa, na hilo Mwanvua alilihesabu upande wa mema. Akatazama picha ya kifua kwa muda mrefu.

"Mama, umewahi kufanya kazi mgodini?"

"Mgodini? Mimi mtu wa ziwani."

"Kuponda mawe? Kiwanda cha saruji?"

"Mwanangu, mimi ni fundi. Mimi na baba yangu ndio mafundi wa karabai wa pwani yote hii. Kama hujui karabai, uliza wazee wako."

Daktari akatabasamu, akasema babu yake alikuwa nayo, sasa amweleze huo ufundi. Mwanvua akamweleza kwa maringo yote. Alipofika kwenye majivu, kijana akaacha kuandika.

"Unayasugua makavu?"

"Makavu. Ukiyalowesha hayashiki vizuri."

"Na unayapuliza kwa mdomo. Miaka yote hiyo."

"Ndiyo siri yenyewe," alisema Mwanvua, na akajutia kidogo kuitoa bure.

Eliakimu aliomba aletewe lile kopo, akaomba na muda wa kuwauliza walimu wake. Mwanvua aliporudi, daktari alivuta kiti akakaa mbele yake, si nyuma ya meza. Akamweleza kwamba utambi wa karabai unaloweshwa dawa za madini huko kiwandani, na baadhi ya madini hayo yanaitwa madini adimu ya ardhini. Ndiyo yanayoufanya mwanga uwe mweupe vile. Bila hayo ungekuwa moto wa mafuta tu. Na vumbi la jamii hiyo hiyo ndilo wanalosugulia vioo vya miwani viwandani, kwa hiyo baba yake hakukosea kuona kwamba linang'arisha.

"Basi tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba likiingia kifuani kavu, mwaka baada ya mwaka, linakaa. Mapafu yanajaribu kulizingira, yanakuwa magumu. Ndiyo haya madoa. Siwezi kukuapia kuwa ni hilo peke yake, mama. Kuna moshi wa kuni, kuna mafuta ya taa. Lakini kwa namna ulivyofanya kazi, hilo ndilo ninaloliona mbele."

"Litoe."

"Halitoki. Tunaweza kukusaidia upumue vizuri kidogo, na tunaweza kuzuia lisiongezeke. Kopo hilo usiliguse tena." Kisha akauliza, "Mzee wako alifariki kwa nini?"

Mwanvua akasema polepole, "Alikohoa. Akakauka. Hospitali hawakuona kitu."

"Na kuna mwingine aliyefundishwa kazi hii? Kama yupo, aambiwe mapema."

Usiku ule hakulala, na asubuhi hakufungua meza. Kilichomkaa rohoni si kifua chake. Ashura alipewa nusu ya majivu. Ikiwa naye amekuwa akiyapuliza huko Bangwe miaka yote hii, basi naye anashika kuta, na hajui kwa nini. Lulu alitaka kwenda yeye kupeleka habari.

"Nipe namba yake nimpigie, mama."

"Sina namba yake. Na hata ningekuwa nayo, haya hayasemwi kwenye simu."

Alivaa kanga yake nzuri, akachukua bajaji mpaka njia ilipoishia, kisha akaanza kupanda kilima cha Bangwe kwa miguu. Alipumzika kila penye jiwe. Watoto walimpita wakimwamkia, naye anaitikia kwa kuinua kiganja, hana sauti ya marahaba. Aliulizia kwa Ashura binti Saad, akaelekezwa penye harufu: mama mmoja mnene, mikono mitupu mpaka mabegani, anageuza migebuka kwenye karai la mafuta huku akimgombeza mteja aliyetaka ugali wa jana upunguzwe bei. Sauti yake ilifika mpaka majini. Mwanvua alisimama akaisikiliza tu. Ni ile ile, imekomaa.

Ashura aliinua macho. Samaki wakaendelea kulia ndani ya mafuta.

"Umepotea njia?" aliuliza. "Ujiji ni upande ule."

"Nimekuja kwako."

"Kwangu? Huogopi? Mimi ndiye ninayepika hapa. Watu wa kwenu hawali chakula cha kwetu."

Wateja wakaangalia sahani zao. Mwanvua alitaka kujibu, kikohozi kikamwahi. Kilimshika kikamkunja, akaangukia kwenye benchi. Ashura aliacha mwiko, akamtazama, na uso wake ukabadilika, maana kikohozi hicho alikijua. Alikaa nacho chumba kimoja utotoni.

"Wewe," alisema, kwa sauti ndogo. "Wewe unakohoa kama baba."

"Kopo," Mwanvua alisema alipopata pumzi. "Lile kopo lako la majivu. Bado unalitumia?"

"Umekuja kutaka kopo?"

"Ashura, nijibu. Unalitumia?"

"Nililitupa ziwani siku ile ile tuliyofukuzwa! Tulipita pale ufukweni mama analia, nikalitupa na mfuniko wake. Nikasema kama hii ndiyo nyumba ya baba, basi na izame. Sijashika karabai tena mpaka leo. Unalidai?"

Mwanvua akaanza kucheka. Alicheka na kukohoa na kulia kwa pamoja, wateja wakaogopa, mmoja akaleta maji. Alimtazama mdogo wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, kifua kile kipana kinavyopanda na kushuka bila taabu, akasema, "Alhamdulillahi. Ulivyokuwa na hasira, Ashura. Alhamdulillahi."

Kisha akamweleza. Alimweleza yote aliyoambiwa na daktari, neno kwa neno, akisimama kuvuta pumzi, na Ashura akasikiliza amekunja mikono. Migebuka iliungua na hakuna aliyeigeuza.

"Kwa hiyo majivu," alisema Ashura mwishowe.

"Majivu, kwa anavyoona daktari. Baba alijipulizia mwenyewe. Na mimi vivyo hivyo."

"Na mama yangu?"

"Mama yako hakufanya kitu. Mama yetu," Mwanvua alisema.

"Usimwite hivyo." Ashura alifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Mama alikuwa hapiki kwenye shughuli, unajua? Hapa Bangwe, kwenye harusi za watu, alikuwa anakaa kuosha vyombo tu, ili asije akagusa sufuria mtu akasema. Mpaka anakufa. Mimi leo unaniambia majivu, nikamwambie nani? Karai hili?"

"Niambie nifanye nini."

"Kayaseme Ujiji. Pale walipomtolea godoro. Si kwangu. Mimi nilikuwa najua siku zote."

Ilikuwa karibu na hitima ya ukoo, ile inayosomwa kila mwaka kuwarehemu wazee wao. Nuhu mwenyewe alikwisha kufa, nyumba ilikuwa chini ya mwanawe, Hamdani, mtu mpole mwenye duka la vifaa vya uvuvi. Watu walijaa uani. Ashura alipoingia na Mwanvua, minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati. Kisomo kilipokwisha, kabla ya masinia kutolewa, Mwanvua aliomba nafasi. Hamdani alijua, Lulu alikuwa amemdokeza.

"Dada," alimnong'oneza, "mambo ya zamani hayo. Waliosema wamekufa, aliyesemwa amekufa. Kula kwanza."

"Aliyesemwa ana mtoto, na mtoto huyu hapa. Nitakula baadaye."

Akasimama. Mwanvua aliyezoea kuwajibu wavuvi kutoka ng'ambo ya mwalo sasa sauti yake haikufika hata kwenye mkeka wa pili. Wa nyuma wakaanza kuulizana anasemaje. Ndipo Ashura akasimama kando yake, akasema, "Atasema, nami nitawafikishia."

Mwanvua akasema kwamba Saad alikufa kwa vumbi la kazi yake. Ashura akayachukua maneno hayo, akayarusha mpaka ukutani. Mwanvua akasema yeye mwenyewe analo vumbi hilo kifuani, na picha ya hospitali ipo, anayetaka aione. Ashura akayarusha na hayo. Akina mama waliacha kupepea. Bibi mmoja kati ya wale shangazi wawili, aliyebaki hai, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, haoni tena, ameinamisha sikio.

Lilibaki neno moja, na pumzi zikamwishia Mwanvua. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Alimgeukia Ashura. Ashura alilijua neno hilo, angeweza kulisema kwa sauti ya kuamsha Ujiji nzima. Hakulisema. Alimshika ndugu yake kiwiko asianguke, akangoja. Kuku alipita katikati ya mikeka bila kufukuzwa.

"Bi Yunisi," Mwanvua alisema, na safari hii mpaka yule shangazi alisikia, "hakumlisha mtu kitu. Alitulisha sisi. Alisingiziwa katika nyumba hii."

Ashura hakurudia. Halikuhitaji kurudiwa.

Shangazi alitikisa kichwa muda mrefu, akasema, "Tulikushika mikono," basi, akaanza kulia bila sauti. Hamdani akainua viganja, akamwombea Bi Yunisi dua kwa jina lake, mbele ya watu. Alikuwa mwanamke wa Kidahwe aliyekufa katika dini ya mumewe, lakini hakuwahi kutajwa katika hitima hiyo hata mara moja. Watu wakaitikia amina. Chakula kikatolewa. Ashura alikula kidogo, akanawa, akachukua mkoba.

Barabarani bajaji za Bangwe na za Kibirizi husimama pande mbili. Mwanvua alimfuata mdogo wake mpaka ukingoni, pumzi juu juu, akitafuta la kusema. Alikuwa nayo mengi, yamejipanga tangu usichana, na hakuna hata moja lililoonekana linafaa kusemwa kando ya barabara.

"Nitakuja Bangwe," alisema. "Nitakuja nikae kutwa."

"Usije. Kile kilima kitakuua." Ashura aliingia kwenye bajaji, akajipanga na kanga yake, bila kumtazama. "Nitakuja mimi."

"Lini?"

"Nimesema nitakuja. Sikusema lini."

Dereva akaondoka. Mwanvua alirudi Kibirizi. Meza ya vioo hakuifungua tena, na daktari Eliakimu alilichukua kopo likiwa limefungwa ndani ya mfuko, yeye akijua pa kulitupa. Vijana wakimletea simu anawaambia wakanunue kioo kipya, waache ubahili. Jioni hugeuza ndoo yake kama kawaida. Ila siku hizi haitazami rasi. Ndoo ameielekeza njiani, upande zinakotokea bajaji, na kila moja inapopunguza mwendo hunyoosha shingo.